Mashine Kuukuu na Toleo Jipya

Mwaka 2019, nikiwa likizo mjini Shinyanga, niliulizwa swali mbele ya kibanda kimoja cha gemu katika kata ya Kambarage, nami nikalijibu kwa wepesi usiomfaa mtu wa kazi yangu. Mwenye kibanda, ambaye nimemzidi umri kwa miaka kama kumi, alikuwa na mashine tatu za PlayStation 2, televisheni mbili za chogo na mfuko wa diski zilizokwaruzika. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kuzipima kwa macho na kutaja bei. "Mwalimu," aliniuliza, "niziuze au niziweke?" Nilimwambia aziuze. Nilimweleza kwamba gemu nzuri za zamani zatolewa upya na wenyewe waliozitunga, tena kwa picha safi zaidi, na kwamba atakayetaka kuzicheza kesho hatakosa mahali pa kuzipata. Alinishukuru, akaziuza. Insha hii ni masahihisho ya jibu lile.

Wapenzi wa gemu za zamani duniani wamegawanyika kambi mbili. Kambi moja yaishika mashine yenyewe. Yasema kwamba gemu ni pamoja na pedi iliyotengenezewa, na kioo ambacho picha zake zilikusudiwa, na hata mngurumo wa diski ikizunguka. Ukiondoa kimojawapo, wabaki na kitu kingine chenye jina lile lile. Kambi ya pili yashika toleo jipya. Yasema kwamba mashine ni chombo tu, mfano wa chungu, na chungu kikipasuka mtu huhamisha mboga, hakai akalilia udongo. Kambi zote mbili hunena kwa ukali ambao mtu wa nje aweza kuuona kuwa ni wa kitoto.

Lakini sisi wa fasihi ya Kiswahili hatuna haki ya kucheka, kwa kuwa shauri hili ni letu tangu zamani. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalikusanywa na W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, yakahifadhiwa katika hati ya Kiarabu, kisha William Hichens akayachapisha kwa herufi za Kirumi mwaka 1940. Hati ya Kiarabu katika umbo lake la kawaida ina alama tatu za irabu, nacho Kiswahili kina irabu tano. Basi maneno mengi yenye e au o yalipita katika hukumu ya mtu mwingine kabla hayajatufikia. Nani asemaye kwamba diwani ile haina faida? Mimi mwenyewe nilimjua Muyaka kwa njia yake, na bila yake nisingalimjua. Hata hivyo hakuna mwanachuoni aliyepata kusema kwamba, maadamu chapa ipo, miswada ichomwe moto. Hayo nayafundisha darasani kila mwaka. Mbele ya kibanda niliyasahau, kwa sababu kilichokuwa mbele yangu hakikuwa karatasi.

Tutazame mfano mmoja kwa jicho la mhakiki. Gemu iitwayo Grand Theft Auto: San Andreas ilitolewa kwa mashine ya PlayStation 2 mwaka 2004, na yeyote aliyepita katika vibanda vya Shinyanga, Kahama au Geita katika miaka iliyofuata aliwakuta vijana wameizunguka. Mwezi wa Novemba 2021 kampuni ya Rockstar Games iliitoa upya pamoja na ndugu zake wawili. Watu wakaipokea kwa ghadhabu, na wengi walidhani ghadhabu ile ni ya makosa ya ufundi tu. Makosa ya ufundi yalikuwapo, si haba. Lakini yapo mambo mawili yanayotuhusu zaidi.

La kwanza ni ukungu. Mashine ya mwaka 2004 haikuwa na nguvu ya kuchora mambo ya mbali, kwa hiyo watungaji waliyafunika kwa ukungu. Udhaifu huo ukawa uzuri. Mchezaji aliyesimama juu ya mlima hakuuona mwisho wa nchi, akaamini kwamba nchi ni kubwa, na kwamba safari ya kutoka mji mmoja kwenda mwingine ni safari kweli. Toleo jipya, likiwa na nguvu tele, liliuondoa ukungu. Kutoka kilele cha mlima ule ule miji yote mitatu ikaonekana kwa mara moja, imebanana kama vibanda vya gulio, na nchi kubwa ikawa kiwanja. Hakuna kilichofutwa ila pazia, na kumbe pazia lilikuwa sehemu ya tamthilia. (Haki yao tuwape: mwaka 2024 marekebisho yalirudisha mwanga na hewa ya zamani kwa wanaotaka kuichagua.)

La pili ni dogo, nami nalipenda zaidi. Katika gemu hiyo pana duka la donati liitwalo Tuff Nut Donuts, na alama yake ni nati kubwa, ile ya kufungia bolti, yenye pembe sita. Mzaha umo katika jina: nati ngumu imekaa mahali pa donati. Katika kulainisha maumbo ya kale, pembe zile sita zilichukuliwa kuwa ubovu wa mchoro, zikaviringishwa. Nati ikawa duara laini, na mzaha ukafa. Msomaji wa miswada atalitambua kosa hilo mara moja. Ndilo kosa la mnakili ambaye, akikutana na neno gumu asilolielewa, hulibadili liwe jepesi, naye adhani amemsaidia mtunzi. Tofauti ni hii, kwamba mnakili wa Pate au Lamu alikuwa akinakili kitabu kimoja, na kitabu alichonakili kilibaki mahali pake. Kampuni hii, ilipoleta toleo jipya, iliyaondoa matoleo ya zamani katika maduka yake ya mtandaoni. Wachezaji wakapiga kelele, nayo ikaomba radhi mwezi ule ule na kuyarudisha kwa watumiaji wa kompyuta.

Sitaki msomaji adhani kwamba kila lalamiko la washika mashine ni la haki. Mwezi wa Desemba 2018 kampuni ya Sony ilitoa kimashine kidogo kiitwacho PlayStation Classic, chenye gemu 20 ndani yake wala hakipokei nyingine. Wahakiki wa Marekani walikilaumu kwa sababu gemu 9 kati ya hizo, pamoja na Tekken 3, zilikuwa za toleo la Ulaya, lililofuata mfumo wa PAL wa picha 50 kwa sekunde badala ya 60. Walisema kwamba huo si mchezo wenyewe, ni mchezo uliopunguzwa mwendo. Nilisoma malalamiko hayo nikatabasamu. Televisheni ya Tanzania Bara, tangu ilipoanza mwaka 1994, ilifuata mfumo huo huo wa PAL. Basi toleo lipi ndilo sahihi? Kwa Mmarekani ni lile la picha 60. Kwa mtu wa Manchester ni la 50. Nalo la Kambarage lategemea diski iliingia nchini kwa mlango gani. Huwezi kuuliza "asili ni ipi" kabla ya kuuliza "asili ya nani", na swali hilo la pili sikulikuta katika maandishi ya kambi yoyote.

Na tukiliuliza kwetu, jibu lake lina aibu kidogo. Mashine ya kwanza niliyoishika mimi, katika miaka ya 1990, haikuwa na jina la mtengenezaji. Ilikuwa mwigo wa mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, na miigo ya namna hiyo ilitengenezwa Taiwan na China kwa wingi ikaenea nchi nyingi za maskini. Kaseti zake ziliandikwa juu kwamba zina gemu mamia, na ukizihesabu wakuta chache zimerudiwa kwa majina mbalimbali. Ilikuja na bastola ya plastiki ya kupigia bata. Tulidhani bastola ile yatoa risasi ya mwanga; kumbe kinyume chake ndicho kweli. Ukivuta kifyatulio, kioo hugeuka cheusi kwa kitambo kisichoonekana, kisha mraba mweupe huwaka mahali alipo bata, na jicho lililomo ndani ya bastola hutazama kama limeuona. Jambo hilo lahitaji televisheni ya chogo, ambayo huchora picha yake mstari kwa mstari bila kukawia. Mbele ya televisheni bapa ya leo bastola ile ni kipofu. Nintendo ilipotoa kimashine chake cha kumbukumbu mwaka 2016, chenye gemu 30, gemu ya bata haikuwamo.

Mkusanyaji wa Ulaya hataiita mashine yangu ya utotoni kuwa ni asili. Ataiita bandia, na kwa sheria asema kweli. Diski za kibanda cha Kambarage nazo zilikuwa nakala za wizi, majina yake yameandikwa kwa kalamu ya wino mzito, tena mara nyingi kwa makosa. Sitetei wizi. Lakini nauliza: ikiwa kizazi kizima cha vijana wa Usukumani kilicheza bandia, basi bandia hiyo ndiyo hati yao, na hakuna kampuni itakayoitoa upya, kwa kuwa hakuna kampuni itakayokiri kuwa ni yake. Toleo jipya laturudishia kitu ambacho hatukuwa nacho; tulichokuwa nacho hakimo.

Jambo hilo laonekana wazi zaidi katika gemu ya mpira. Chungua zile gemu 20 za Sony: hutakuta hata moja ya kandanda. Hali kandanda ndiyo iliyowalisha wenye vibanda. Pro Evolution Soccer ya kampuni ya Konami ilichezwa asubuhi hadi usiku. Aliyefungwa ainuka, aliyeshinda akaa, na anayesubiri atia maneno. Gemu za namna hiyo ni vigumu kutolewa upya, kwa maana majina ya wachezaji na timu hukodishwa kwa mkataba, na mkataba una mwisho wake. Hata zilipokuwa mpya, Konami haikuwa na haki ya majina yote: Liverpool iliitwa Merseyside Red, nasi tulijua ni nani bila kuambiwa. Mwaka 2021 jina la Pro Evolution Soccer liliachwa, ikaja eFootball, ichezwayo kwa mtandao. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilichunguza gemu zilizotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010, ikakuta kwamba asilimia 87 hazipatikani tena sokoni. Kwa hiyo nilipomwambia yule kijana kwamba atakayezitaka hatakosa pa kuzipata, nilimwambia uongo, ijapokuwa sikujua.

Sasa nifike palipo kosa langu hasa, maana hayo ya juu ni makosa ya kukosa habari, na mtu husamehewa.

Stand United ya Shinyanga, timu iliyopata jina lake katika stendi ya mabasi, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014, nayo ikachezea uwanja wa Kambarage. Katika msimu ule mwenye kibanda alifanya jambo ambalo nililiona kwa macho yangu nikalihesabu kuwa ni mchezo wa kitoto. Gemu ya Konami ilikuwa na mahali pa kuhariri timu. Aliichukua Merseyside Red, akaifuta jina, akaiandika Stand United. Akabadili rangi za jezi. Kisha, badala ya kuandika wachezaji wa Stand United peke yao, akachanganya nao watu wa mtaani. Konda alikuwamo. Dereva wa bodaboda alikuwamo. Fundi viatu aliwekwa beki wa kati. Golikipa alikuwa yeye mwenyewe. Majina aliyafupisha yaingie katika nafasi ya herufi chache, na wengine aliwaandika kwa majina yao ya utani, ya Kisukuma, ambayo sitayataja.

Ufundi wake ulikuwa katika nambari. Gemu ile humpima kila mchezaji kwa alama zisizozidi 99: kasi, nguvu, pasi, shuti, stamina. Mtu mmoja wa mtaa ule aliyekuwa akikimbia wadai alipewa kasi ya 99. Mwingine, mnene na mpole, alipewa nguvu tele na kasi ya konokono. Jamaa mmoja mchoyo alipewa alama ya chini kabisa ya pasi. Vijana walipoifungua orodha hiyo walicheka mpaka kibanda kikatikisika, na waliotajwa walikuja kujisoma. Mmoja alikasirika, akadai aongezwe. Akaongezwa alama tatu baada ya kununua soda.

Mtu aliyekulia Usukumani aijua sanaa hii. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoshindana kizazi baada ya kizazi, husifiana wenyewe na kuwakejeli wapinzani wao mbele ya umati, na mtunzi hodari ni yule ambaye kejeli yake haikanushiki. Kijana wa Kambarage alifanya yale yale, ila hakutumia wimbo. Alitumia jedwali la nambari lililotungwa na Wajapani kwa kazi nyingine kabisa. Nimehakiki vitabu vilivyosifiwa ambavyo havina nusu ya ujuzi wa watu uliokuwamo katika jedwali hilo. Nami sikulinakili. Sikulipiga hata picha kwa simu. Nilikuwa na shahada ya udaktari katika fasihi, na utungo ulikuwa mbele yangu, nikasubiri zamu yangu ya kucheza.

Hapa mlinganisho na Muyaka wafika ukingoni, na yafaa niseme hivyo. Hati ya Muyaka mtu huisoma kwa macho. Utungo wa Kambarage wakaa ndani ya kadi ndogo ya kumbukumbu, iitwayo memori, yenye ukubwa wa megabaiti 8, wala hausomeki bila mashine. Tena mashine haitoshi: lazima diski iwe ya toleo lile lile la gemu, kwa kuwa la mwaka mmoja haliifungui kazi ya mwaka mwingine. Mchezo wa wazee wetu, isolo, hauna shida hiyo. Mashimo huchimbwa ardhini, kokote zipo, na kanuni zimo vichwani mwa watu. Mvua ikiyafukia mashimo hakuna kilichopotea. Katika gemu za leo kanuni imefungiwa ndani ya chombo ambacho wachezaji hawawezi kukifungua. Kwa sababu hiyo chombo kina uzito ambao ubao wa isolo haukupata kuwa nao, na mfano wa chungu na mboga, ambao wa kambi ya pili waupenda, haufai.

Lakini washika mashine nao wasishangilie. Mashine hufa. Jicho la kusomea diski huchoka, kapasita hukauka, na zile pumzi tulizokuwa tukipuliza ndani ya kaseti zikaonekana kama uganga hazikutia ila unyevu na kutu. PlayStation 2 zilitengenezwa zaidi ya milioni 155, na utengenezaji ukakoma karibu na mwanzo wa 2013. Kila moja iliyobaki yaelekea mahali pamoja. Mwaka 1970 ilichapishwa katalogi ya J. W. T. Allen ya miswada na kanda za sauti zilizomo katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam. Miswada yaweza kusomwa na yeyote mwenye macho na elimu. Kanda zahitaji chombo, na mwenye chombo, na fundi wa chombo. Kuiweka kanda kabatini bila kuinakili ni kuizika kwa heshima.

Kwa hiyo mimi siziungi mkono kambi hizi mbili kama zilivyo. Toleo jipya la mfanyabiashara huchagua, husafisha, huviringisha nati, na huacha yale ambayo soko lake haliyakumbuki. Mashine ya mkusanyaji hukaa rafuni hadi izime. Iko njia ya tatu, nayo ni ya wanafunzi zaidi kuliko ya matajiri: zipo programu zinazoiga mashine, kama PCSX2, iliyoanza mwaka 2002, ambazo zaweza kusoma nakala ya kadi na nakala ya diski ndani ya kompyuta ya kawaida. Haziviringishi kitu kwa makusudi. Zitaweka pembe sita pale palipokuwa na pembe sita, na alama tatu za soda pale zilipoongezwa. Kwa hakimiliki kuna matata, na idara za sheria zitusaidie badala ya kututisha. Lakini hata njia hiyo yaanza kwa kukiokota kitu chenyewe kabla hakijafika kwa mnunuzi wa chuma, na hilo ndilo nililomzuia mtu kulifanya.

Mwaka 2022 nilirudi Kambarage nikamwendea. Sasa auza vifaa vya simu. Nilimwomba radhi, akaniona nina jambo la ajabu. Kisha akavuta droo, akatoa kadi moja nyeusi iliyopasuka pembeni. "Hii hawakuihesabu kwenye kilo," alisema. "Chukua, mwalimu."

Kadi ninayo. Mwanafunzi wangu mmoja alipata mashine huko Katoro, mkoani Geita, lakini jicho lake halisomi diski, nayo ingali kwa fundi. Toleo la gemu hatulijui kwa hakika. Mwenyewe akumbuka kwamba diski iliandikwa kwa kalamu nyekundu. Tumekwisha kupata tatu za kujaribu. Huku tukisubiri, nilimkalisha na daftari nikamwomba anisomee kikosi kwa kichwa, pamoja na alama zao. Alianza na golikipa, ambaye ni yeye, akacheka. Beki aliwataja wote. Fundi viatu alipewa nguvu 94, kasi 51, hilo hakulisita. Tulipofika winga wa kushoto alinyamaza, akaangalia barabarani, akasema jina latakuja. Daftari langu lina nafasi mbili wazi.